Kuku Tisa Niliowapeleka kwa Dorkas

Mwanangu Naomi,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, ingawa ni ukuta wa mbao tu unaotutenga, nami ninakusikia ukimwambia mama yako kwamba sufuria ya tatu haitaingia sandukuni. Jua halijatua bado. Nimeomba niachwe peke yangu hapa mezani, na mama yako anadhani ninatayarisha mahubiri ya Jumapili. Laiti ingekuwa hivyo. Mahubiri nimeyaandika kwa miaka ishirini na minane bila kuchana hata ukurasa.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukueleza habari za blanketi, na kadi ya chama utakayoulizwa langoni mwa soko, na mahali pa kuficha barua yako ya kuajiriwa isilowe. Mimi nina jambo moja tu. Juzi tulipokuwa tukila uliniuliza, "Baba, nikifika kwa Shangazi, hawa kuku niwafungie ama niwaachie watembee?" Nami nikakujibu kwamba ugali unapoa. Mama yako alicheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu na hataki kulitoa, nikaona kwamba hakika umekwisha kuwa mwalimu.

Nitakujibu sasa. Jibu lenyewe ni refu, na ninaliogopa.

Kwanza ujue kwamba hutakwenda na kuku. Asubuhi ya leo nilipofungua banda nilimkuta yule mtetea mweupe mwenye madoa shingoni, mmoja wa wale wanne mama yako aliowatengea tenga, amesimama peke yake pembeni. Mabawa yake yalikuwa yameshuka, macho nusu wazi, na chini yake kulikuwa na kinyesi cha kijani. Nilimrushia punje za mahindi, hakuinama. Naomi, mimi mzee wa miaka sitini na mmoja niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yako sijamwambia. Nilikwisha kumwona kuku wa namna hiyo miaka sita iliyopita, wakati wewe ukiwa shule ya bweni, na yaliyofuata hukuambiwa kwa ukweli. Hakuna aliyeambiwa.

Unakumbuka kwa shangazi yako kulivyokuwa zamani. Alipofiwa na mumewe, Dorkas alibaki na ekari mbili, watoto watatu, na kuku ambao hakuna mtu aliyewahi kujua idadi yao. Hakuwafungia mchana hata siku moja. Kulipopambazuka aliondoa jiwe lililozuia mlango wa kibanda, nao wakatoka wakisukumana kama watoto wa darasa la kwanza waliosikia kengele. Walikula kumbikumbi, walikula mbegu za magugu, walivuka barabara wakaokota punje zilizoanguka nyuma ya mashine za kuvuna ngano. Dorkas hakununua chakula chao hata kopo moja. Mayai yao yalikuwa na kiini kizito, karibu chekundu, na wewe ulikuwa ukikataa mayai ya mjini baada ya kutoka huko. Likizo moja yule kuku mweusi alipotea majuma matatu. Tulikwisha kumhesabu kuwa ameliwa. Ndipo akatokea nyuma ya choo, amekonda, amejaa vumbi, na vifaranga kumi na kimoja vikimfuata. Ulipiga makofi hadi mikono ikawa myekundu.

Mimi nilikuwa nikimwonya. Nilimwambia habari za mwewe, za kicheche, za malori ya mahindi, za vijana wenye mifuko. Yeye akanijibu, "Kaka, mwewe akichukua wawili mimi ninabaki na tisa. Nikiwafungia wote ninabaki na kazi ya kuwalisha." Alikuwa anasema kweli. Kuku anayetembea anajilisha, anajitibu kwa majani ambayo sisi hatuyajui, na hukaa vizuri na wenzake. Sijawahi kukanusha hilo moyoni mwangu, hata katika miaka ambayo nimewafungia wangu.

Hatari kubwa ilikuwa karibu kuliko mwewe. Kuku hajui mwisho wa shamba lenu ni wapi. Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi, na bado anaishi, Mama Kiprop, mwenyeji wa nchi hii, muuza maziwa, mshirika wa kanisa lilelile. Kando ya ua alikuwa na bustani ya sukuma wiki ambayo alikuwa akiipenda sana. Kuku wa Dorkas waliipenda pia. Siku moja nilikuwa pale uani nikinywa chai, sauti ikatoka ng'ambo.

"Dorkas! Kuja uone kazi ya watoto wako!"

"Watoto wangu wako shule, Mama Kiprop."

"Si hao. Hawa wa miguu mbili wenye hawana viatu! Wamemaliza sukuma yangu yote. Mimi nimechoka. Siku moja utawaita jioni na hakuna hata mmoja atakuja."

"Wakikosa kuja nitajua pa kuwatafuta."

"Tafuta kwa sufuria yangu!"

Waliokuwa wakipita njiani walicheka, nami nilicheka. Jioni ileile Mama Kiprop alimtuma binti yake na chupa ya maziwa, na Dorkas akairudisha chupa na mayai manne. Hivyo ndivyo walivyogombana, wanawake wale wawili, kwa miaka mingi. Nakuomba uyashike maneno hayo ya Mama Kiprop, kwa sababu baadaye watu waliyashika wakayaacha maziwa.

Haukupita mwezi, kideri kikaingia huku kwetu ukingoni mwa mji. Kuku wa majirani walianza kuanguka, watano leo, kumi kesho. Watu wakawachinja wagonjwa kabla hawajafa ili nyama isipotee. Mimi nilikuwa na kuku tisa waliokuwa wakitembea kama wa Dorkas, na wote walikuwa bado wamesimama. Nikafanya walilofanya wengi, na bado hulifanya: ugonjwa ukiingia mahali, mtu huwachukua kuku wake walio wazima akawapeleka kwa ndugu aliye mbali, wakapumzike hadi upite. Jumamosi asubuhi niliwatia katika tenga. Nilipokuwa nikifunga kamba, niliona mmoja amepindisha shingo kidogo. Nilijiambia amelala vibaya.

Nataka uelewe hapo. Sikuwa mjinga. Niliona, na kwa kuwa niliogopa kuwapoteza, nikayachagulia macho yangu cha kuamini. Watu husema hofu humfanya mtu awe mwangalifu. Mimi ilinifanya kipofu kwa muda wa kufunga fundo moja, na muda huo ulitosha.

Dorkas alinipokea kwa mzaha wake. "Kaka, hawa wa mjini watajua kuchakura kweli, ama watangoja kuletewa chai mezani?" Akauliza kwa nini nimewaleta. Nikamwambia nyasi za kwetu zimekauka. Kama ningetaja kideri angekataa kuwapokea, na angekuwa na haki. Kwa hiyo sikukitaja. Tuliwafungulia, wakaingia kati ya kuku wake, na baada ya saa moja hungeweza kuwatenga.

Siku ya nane niliitwa kwa Dorkas. Naomi, sijawahi kuona uwanja kama ule. Walikuwa wamelala chini ya michongoma, kando ya kisima, juu ya njia ya kwenda chooni, baadhi wakizunguka mahali pamoja na shingo zimepinda nyuma kama wanaotafuta kitu angani. Wangu wote tisa walikuwa kati yao. Yule mweusi alikufa juu ya mayai yake. Kuku wale ndio waliokuwa sare za shule, ndio waliokuwa chumvi na mafuta ya taa, ndio waliokuwa heshima ya shangazi yako mgeni alipobisha hodi. Dorkas hakulia. Alinishika mkono akasema, "Pole, kaka. Hata wewe umepoteza." Alinipa pole mimi.

Niliporudi Eldoret nilikwenda kwa afisa wa mifugo, kijana mwenye adabu. Nilitaka aniambie kwamba si mimi. Alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, kuku akitoka mahali pa ugonjwa hata kama anaonekana mzima, anaubeba. Ulipeleka wako kwa mtu? Niambie, tukawaonye majirani wa huko." Nikasema hapana. Lile nililomwambia Dorkas ulikuwa uoga. Lakini hili la pili, baada ya kuelezwa waziwazi, sina jina jepesi la kuliita. Majuma yaliyofuata kuku walikufa katika boma saba zaidi upande ule.

Nao watu walikuwa wamekwisha kupata jibu lao. Mama Kiprop alisema hakuna hata mmoja atakuja, na hakuna hata mmoja aliyekuja. Ikasemwa ametia sumu kwenye sukuma. Wengine wakaongeza mambo ya giza ambayo sitayaandika. Kwa kuwa Dorkas ametoka upande wa ziwa kama sisi, na Mama Kiprop ni wa hapa, maneno yalianza kupata miguu isiyokuwa ya kuku, na wazee wa kanisa wakaona heri wakae haraka kabla jambo halijafika mbali. Waliniita nikae nao, kwa sababu mimi ni mwalimu wa dini na ndugu wa mlalamishi.

Mama Kiprop alisimama mbele yetu amejifunga leso ya kanisani. Hakuna aliyempa kiti. Mwenyekiti akamwuliza kama alisema maneno yale.

"Nilisema. Nilikuwa na hasira ya sukuma. Nani hapa hajawahi kukasirikia kuku?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwenyekiti akauliza kama alitia kitu.

"Hapana. Na nikitia, ningetia kwa chakula yangu mwenyewe, nikapike nini jioni? Mungu anajua wenye waliua hawa kuku."

Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, kuku wako pia walikufa pale. Una neno?"

Nililisikia jina langu kama mtu anavyosikia mlango ukifungwa. Kila kitu kilikuwa kinywani mwangu: tenga, kamba, shingo iliyopinda. Nikaona koti langu la Jumapili, nikaona nyuso za watoto niliowafundisha sala. Nikasema, "Wazee, jambo hili tuliache mikononi mwa Mungu."

Walinisifu kwa busara. Hadi leo kuna wanaoyarudia maneno yale kama mfano wa utulivu. Lakini nililomwachia Mungu ni kazi iliyokuwa yangu, na kwa maneno yale nilimwacha mwanamke asiye na hatia amesimama palepale. Hawakumtia hatiani wala hawakumsafisha. Wanawake wa ushirika wakaacha kumwita. Wanunuzi wa maziwa wakapungua. Wale wa Dorkas na wale wa Mama Kiprop wakaacha kusalimiana, na Mama Kiprop akawa anaketi benchi la mwisho, karibu na mlango, miaka sita sasa. Kila ninapokwenda kuhubiri huko ninamwona. Huniitikia salamu kwa heshima. Hilo huniogopesha kuliko kama angenitukana.

Ningeweza kukuambia kwamba ni nyakati. Tunaishi katika siku ambazo mtu hujibu "sijui" kabla hajaulizwa, ambazo tunapunguza sauti sebuleni mwetu mtu akipita nje, na anayejulikana kwa kunyamaza ndiye anayezeeka kitandani mwake. Nilijifunza kunyamaza vizuri kama wote. Lakini siku ile hakuna aliyenitisha. Sikuulizwa na serikali. Niliulizwa kuhusu kuku, ndani ya nyumba ya sala, na watu walionipenda.

Baada ya hapo nilijenga banda la waya. Ulilikuta ulipokuja likizo, ukaniuliza kwa nini, nikakuambia wezi. Tangu hapo hakuna kuku wangu aliyekanyaga nyasi. Umeona walivyo: wanadonoana migongo hadi damu, mayai yao yamepauka, wanasimama kwenye waya wakitazama nje. Nilidhani nikiwafungia hawa nitakuwa nimefunga na lile jambo. Leo asubuhi kideri kimewakuta humohumo ndani ya waya. Huenda nimekileta kwa viatu vyangu kutoka sokoni. Miaka sita ya kufuli, nacho kimeingia.

Kwa hiyo kuhusu swali lako. Siku Mungu atakapokupa kuku, waachie. Wafungie usiku, wapatie maji safi, uwapeleke wakatiwe chanjo ile ya tone la jicho hata kama italazimu mshirikiane watu kumi kwa chupa moja. Utapoteza baadhi, ulie kidogo, uendelee. Lakini ujue kwamba kuku wako atakula kwa jirani na wa jirani atakula kwako, na hapo mambo yenu yamekwisha kuchanganyika, utake usitake. Kuku akiugua, usimhamishe. Usimchinje upesi ukampa mgeni. Mzike kwa kina, kisha upige kelele: pita boma hadi boma, sema, "Kwangu umeingia, fungieni wenu." Watakulaumu. Useme hivyo hivyo. Mimi leo, kabla hata ya kumwambia mama yako, nimekwisha kupita nyumba nne za majirani zetu kusema maneno hayo, na nyumba ya kwanza nilizunguka nje ya lango lake mara mbili kabla sijabisha. Fikiria, mtu aliyesimama mimbarini miaka yote hii.

Sasa lile lililonifanya niandike. Barua ya shangazi yako iliyofika Jumanne nilikusomea nusu. Katika nusu ya pili anasema chumba chako kiko tayari, anawangoja wale kuku wanne kwa hamu aanze tena uzao, na kwamba nikuonye mapema: ng'ambo ya michongoma hatusalimiani, hatupokei kitu. Naomi, kitinda mimba wa Mama Kiprop yuko katika shule uliyopangiwa. Utaita jina lake kila asubuhi. Jioni utarudi chini ya paa ambako mama yake anaitwa muuaji wa kuku, na utaamini, kwa sababu unampenda shangazi yako na hakuna aliyekuambia vingine. Nimekulea usiseme uongo. Siwezi kukutuma ukaishi ndani ya uongo wangu kama ndani ya nyumba.

Na kesho Dorkas atauliza, "Kuku wako wapi?" Sina tena nyasi zilizokauka za kumwambia.

Nilitaka kumwandikia. Nimeandika mara mbili na kuchana mara mbili. Halafu nikawaza kukupa wewe habari hii uifikishe, nikaona aibu ikinipanda hadi masikioni. Basi kesho sitakusindikiza hadi kituo cha basi tu kama tulivyopanga. Nitapanda nawe. Nitaanza kwa Dorkas, maana yeye ndiye niliyemdanganya kwanza. Kisha, akikubali kufuatana nami au akikataa, nitazunguka ua niende kwa Mama Kiprop, nimwambie akiwa ameketi na mimi nimesimama. Na Jumapili nitaomba nafasi mbele ya kanisa lile, bila kuhubiri.

Sijui kitakachotokea. Dorkas anaweza kunifunga mlango, na wewe pamoja nami. Ikiwa hivyo utakuwa umekosa chumba kwa kosa langu, na itatubidi turudi sote, uwe unapanda basi la alfajiri kwenda kazini hadi mlango mwingine ufunguke. Kwa hilo nakuomba radhi sasa, kabla halijatokea. Boma zile saba zinaweza kukumbuka kuku wao. Wazee wanaweza kunivua kazi hii ambayo ndiyo pekee ninayoijua. Na Mama Kiprop anaweza kunitazama tu, asiseme kitu. Hilo la mwisho nimelifikiria alasiri nzima.

Tayari moyo umeanza kunitafutia sababu: magoti, mgonjwa aliyeomba nimtembelee, nauli ya kurudi, mama yako kubaki peke yake. Najijua. Nikipewa usiku mmoja na ukimya, kesho nitakupungia mkono dirishani mwa basi na kukuambia Mungu akutangulie. Ndiyo sababu barua hii nitakupa kabla ya chai ya asubuhi, badala ya kuitia sandukuni mwako uisome ukiwa umekwisha kufika. Isome chumbani. Ukimaliza utanikuta hapa mezani, na mama yako akimimina chai. Usiniambie kwamba umenisamehe, maana kuna watu wawili mbele yako katika msamaha huo. Wala usiniambie nisiogope. Niulize tu kwa sauti, mama yako akisikia, kama mtu anavyomwuliza msafiri mwenzake, "Baba, umejitayarisha?"

Nikishindwa kujibu, uliza tena.

Mimi baba yako,
Zakaria